47,564,296: shajara ya nambari moja

Jumatatu, 7 Aprili

Saiba, duka langu la intaneti na kuprinti, imelala. Wanafunzi wako likizo, na wale wa kujaza fomu za ushuru hawaonekani mpaka Juni ishike mkia. Nimefungua daftari jipya la kurasa 96 na kunakili jedwali la sensa ya 2019, kwa ajili ya nambari moja tu: idadi ya Wakenya. Mradi wenyewe ni huu, kuifungua nambari hiyo mpaka nione ndani mna nini. Sitafuti shule ngapi zinahitajika wala zahanati ngapi, hayo yana wenyewe. Nataka nambari yenyewe, kama fundi saa anavyoitaka saa bila haja ya kujua sasa ni saa ngapi.

Kwa nini hii na si nyingine? Kwa sababu kipande chake kilipita mikononi mwangu. Nilikuwa karani wa sensa hapa Umoja, Nairobi. Ile ilikuwa sensa ya kwanza nchini kufanywa bila karatasi, kwa hiyo nilipanda na kushuka ngazi za maghorofa na kishikwambi kifuani, nikiinama chini ya kamba za nguo mbichi na kuuliza swali lilelile mlango kwa mlango: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti? Wengine walijibu kupitia dirishani. Mzee mmoja alinihesabia hadi kuku.

Masharti niliyojiwekea ni kalamu, daftari na kikokotoo cha simu kwa kugawanya na kuzidisha tu. Kuna tovuti zinazoweza kunipa kila kitu kwa sekunde moja. Hizo ni haramu.

Jumatano, 9 Aprili

Kazi ya kwanza ni vigawo, yaani nambari zinazoigawa nambari yangu bila kubakisha kitu. Safu ya wanaume ni 23,548,056, ya wanawake 24,014,716, jumla 47,562,772. Nikagawa kwa 2, nikagawa tena kwa 2, nikabaki na 11,890,693, na hapo mlango ukafungwa.

Njia ninayotumia ni ya kale kuliko zote. Unachukua nambari tasa moja moja, kuanzia ndogo, unagawa na kutazama baki. Jina la tasa lina ukali wake: nambari isiyozaliwa na nyingine, isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. 3 ilikataa. 7 ilibakisha 3. 11 ilibakisha 1, ikanitia moyo bure. 13 na 17 zote zilibakisha 9. Nikaendelea hivyo, mteja mmoja wa kuprinti, nambari tasa mbili, mteja mwingine, nambari tasa tatu. Nilipofika 47 baki ilikuwa 22 na saa ilikuwa moja na nusu usiku. Sijapata kitu.

Nikafunga mlango wa chuma nikiwa na hasira za kitoto. Nambari ya watu wote wa nchi, halafu haifunguki!

Alhamisi, 10 Aprili

Mwalimu amekuja kuprinti barua za chama chake. Alifundisha hisabati miaka mingi kabla ya kustaafu, na mimi huniita kijana ingawa nina miaka 41 na kipara kinachopanuka. Aliona daftari kaunta, akalivuta bila kuomba ruhusa.

“Umetupa tisa?”

Sikumwelewa. Akachukua kalamu. Kutupa tisa ni hivi: jumlisha tarakimu za nambari, na jibu likiwa kubwa jumlisha tena, hadi ubaki na tarakimu moja. Nambari na jumla ya tarakimu zake huwa na baki ileile zikigawanywa kwa 9, kwa sababu 10, 100, 1,000 na ndugu zake wote hubakisha 1. Kwa hiyo ukijumlisha safu, zile tarakimu za mwisho nazo lazima zijumlike sawasawa. Ni njia ya wenye maduka wa zamani kukamata makosa kabla mashine hazijaja.

Wanaume: 33, yaani 6. Wanawake: 25, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Jumla yangu, 47,562,772, ina tarakimu za 40, yaani 4. “Hesabu yako ni sawa,” akasema, na mimi nikavimba kichwa. Halafu akakunja uso. “Lakini nambari si hii. Ile waliyotangaza Novemba ilikuwa na mia mbili tisini na sita mwishoni.”

Akafungua ukurasa wa pili. Pale juu kabisa, peke yake, palikuwa na mstari wa tatu wa jedwali nililonakili mwenyewe Jumatatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa, mstari ukaangukia upande wa pili: huntha (wenye maumbile ya jinsia mbili), 1,524.

Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuwahesabu watu hao kama kundi lao. Nami, niliyekuwa karani, niliyefundishwa kuuliza swali hilo na kuliuliza kwa heshima, nimewaacha nje kwa kugeuza ukurasa. Siku mbili nzima nilikuwa nikipigana na nchi yenye upungufu wa watu 1,524.

Mwalimu hakusema neno. Alijumlisha: 1, 5, 2 na 4 ni 12, yaani 3. Nne na tatu ni saba. Akaandika 47,564,296, tarakimu zake 43, yaani 7. Akalipa shilingi zake za kuprinti, akaenda.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo ndiyo leo. 47,564,296 nusu yake ni 23,782,148, nusu yake 11,891,074, nusu yake 5,945,537. Tayari ina mbili tatu ndani, yaani 8.

5,945,537: kwa 3 haiendi, tarakimu zake ni 38. Kwa 5 haiendi. 7 ikabakisha 3. 11 ikabakisha 4. Kisha 13, na kikokotoo kikaonyesha 457,349 bila nukta wala mkia. Niliigawa mara ya pili nikidhani nimebonyeza vibaya. Siku mbili za baki tupu zinamfanya mtu asiamini jibu kamili.

457,349: 13 tena, baki 9. 17, baki 15. 19, na mara 24,071 kamili.

24,071. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu nilitaka kujua kama hiki ni kipande cha mwisho. Kipeuo chake cha pili, yaani nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 24,071, ni 155 na kidogo, na hakuna haja ya kujaribu zaidi ya hapo. Ingekuwa na kigawo kikubwa kuliko 155, mwenzake wa upande wa pili angekuwa mdogo, na mdogo ningekuwa nimeshampata. Nambari tasa zilizo chini ya 155 ni 36. Saba za mwanzo nilishazimaliza njiani, zimebaki 29. Nilizipanga kwa safu ukingoni mwa ukurasa na kuzikata moja baada ya nyingine. 19 yenyewe tena, baki 17. 23, baki 13. 29 ikanichezea, 29 × 830 ni 24,070, baki 1. Mbele zaidi 83 ikarudia mchezo uleule, 83 × 290 ni 24,070, baki 1. Bila shaka, ni 24,070 ileile imevaa nguo nyingine, lakini moyo uliruka mara zote mbili. 71 na 113 zilibakisha 2 kila moja. 151, ya mwisho, ilibakisha 62.

24,071 ni tasa. Basi:

47,564,296 = 2 × 2 × 2 × 13 × 19 × 24,071

Na hakuna njia nyingine. Kila nambari nzima iliyozidi 1 ina mpasuko mmoja tu wa namna hii, ukiacha mpangilio. Unaweza kuanza na 19 au kumaliza na 2, utakutana na walewale sita.

Nimenunua chapati mbili na madondo kwa mama wa kibandani, nikala nikiangalia ule mstari.

Jumatatu, 14 Aprili

Fupi leo, stima ilipotea mchana kutwa.

8 × 13 × 19 ni 1976. Kwa hiyo watu wote wa Kenya ni makundi 1976 ya watu 24,071. Nilipoona 1976 nikaanza kuota. Mwaka huo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Mkutano Mkuu wa UNESCO, na ulikuwa mkutano wa 19, na 19 ni kigawo! Nikampigia Mwalimu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama 24,071 nayo ni mwaka. Nikakata simu.

Makundi 47 sawa, kwa kaunti 47, hayapatikani. Kila kaunti ingepata watu 1,012,006 na wangebaki 14, abiria wa matatu moja. Huyu dereva sijui angewapeleka wapi.

Jumanne, 15 Aprili

Vigawo vyote ni vingapi? Huhitaji kuvitafuta kimoja kimoja. Kila kigawo kinatengenezwa kwa kuchagua: 2 uichukue mara ngapi (sufuri, moja, mbili au tatu, njia nne), 13 uichukue au uiache (njia mbili), 19 vivyo hivyo, 24,071 vivyo hivyo. 4 × 2 × 2 × 2 ni 32. Jumla ya vigawo hivyo nayo inapatikana kwa ujanja uleule: (1 + 2 + 4 + 8) × (1 + 13) × (1 + 19) × (1 + 24,071), yaani 15 × 14 × 20 × 24,072, jibu 101,102,400.

Wagiriki wa kale walikuwa na desturi ya kupima nambari kwa vigawo vyake. Jumlisha vigawo vyote isipokuwa nambari yenyewe. Vikipungua, nambari ni pungufu. Vikizidi, ni ya ziada. Vikilingana kabisa, ni kamilifu, kama 6 iliyo 1 + 2 + 3. Nicomachus wa Gerasa aliandika kuhusu makundi hayo matatu karibu mwaka wa 100, akizisifu na kuzikemea nambari kama mtu anayewasema majirani.

Yangu: 101,102,400 toa 47,564,296 ni 53,538,104. Imezidi kwa 5,973,808. Ni ya ziada, tena kwa wingi.

Nilitaka kujua ziada hiyo imetoka wapi. Chanzo chake ni kidogo ajabu. Chukua 8 × 13 = 104. Vigawo vyake ni 1, 2, 4, 8, 13, 26 na 52, jumla 106. Mia na nne tayari imezidi, kwa mbili tu. Na nambari yoyote inayobeba nambari ya ziada ndani yake hurithi ziada hiyo. Kwa hiyo mamilioni yote haya ya ziada yana mzizi katika 104, nambari ya basi.

Nambari kamilifu ni adimu: 6, 28, 496, 8,128, halafu unaruka hadi 33,550,336. Hapo nikasimama. Sensa ya 1999 ilitoa watu 28,686,607. Ya 2009 ilitoa 38,610,097. Maana yake kati ya sensa hizo mbili, siku fulani, saa fulani, idadi ya Wakenya ilikuwa nambari kamilifu. Hakuna aliyejua. Labda ilidumu sekunde chache, mtoto akalia wodini mahali fulani, ikaharibika. Labda mzee akafa, ikarudi, ikaharibika tena. Kamilifu inayofuata ni 8,589,869,056. Umoja wa Mataifa ulikadiria dunia nzima imefika watu bilioni 8 Novemba 2022, kwa hiyo hiyo hata dunia bado haijaifikia.

Nimemsimulia mama wa kibandani habari ya 33,550,336. Akasema kama ni kweli basi ni usiku ule bei ya unga ilikuwa nzuri.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Saiba imefungwa. Kazi ya nyumbani: je, 47,564,296 inaweza kuandikwa kama mraba mmoja (nambari iliyozidishwa kwa yenyewe) kujumlisha mraba mwingine? Kama 13 ilivyo 4 + 9.

Siku ya Krismasi mwaka 1640 mwanahisabati Fermat alimwandikia mwenzake Mersenne barua akisema nambari tasa zinazobakisha 1 zikigawanywa kwa 4 ni jumla ya miraba miwili. Uthibitisho hakuuandika. Euler ndiye aliyeukamilisha karne moja baadaye. Zile zinazobakisha 3 haziwezi kamwe, na hili ni rahisi kuliona. Mraba wowote ukigawanywa kwa 4 hubakisha 0 au 1. Jumlisha mbili kati ya hizo: 0, 1 au 2. Tatu haipo. Ndiyo maana sensa ya 1999 unaihukumu kwa jicho tu: inaishia na 07, 7 kwa 4 hubakisha 3, kwaheri.

Yangu inabakisha 0, kwa hiyo jicho halitoshi. Hukumu imekaa kwa 19.

Nilichora safu mbili. Kushoto niliandika kila mraba unabakisha nini ukigawanywa kwa 19: 1, 4, 9, 16, 6, 17, 11, 7, 5. Ni tisa tu, halafu zinajirudia kinyumenyume. Kulia niliandika kila moja inahitaji mwenzake yupi ili ijumlike kuwa 19: 18, 15, 10, 3, 13, 2, 8, 12, 14. Kisha nikatafuta kama kuna nambari ya kulia inayoonekana kushoto. Hakuna hata moja. Safu mbili, wageni kabisa, kama wapangaji wa ghorofa moja wasiosalimiana.

Nikaijaribu 13 kwa kulinganisha: kushoto 1, 4, 9, 3, 12, 10. Na hapo 1 inamwona 12, 4 inamwona 9, 3 inamwona 10. Wote wamepatana.

Maana ya safu za 19 ni kwamba, kama miraba miwili ikijumlika ikawa kigawe cha 19 (nambari inayogawika kwa 19), basi kila mraba peke yake lazima uwe kigawe cha 19, na mraba ukibeba 19 huibeba mara mbili. Jumla ingebeba 19 × 19. Yangu ina 19 moja. Basi haiwezi. Nilijaribu kuusimulia uthibitisho huu wakati wa chakula, binti yangu akaniuliza kama leo si siku ya kufunga maneno pia.

Jumamosi, 26 Aprili

Binti yangu, yuko Gredi ya Nane, amekubali kushiriki kwa bei ya data ya wiki moja. Swali letu: miraba mitatu je?

Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba miraba minne inatosha kwa kila nambari nzima. Mitatu inatosha kwa nyingi lakini si zote, 7 kwa mfano inakataa. Yangu haimo katika kundi linalokataa, hivyo jibu lipo. Kazi ni kulipata kwa mkono.

Nilitaka tujaribu kila mraba kuanzia ule wa 6,896, ambao ni wa mwisho usiozidi nambari. Yeye akauliza swali la mvivu, ambalo ndilo swali la maana: “Baba, lazima zote?” Si lazima. Nambari inagawika kwa 4, na miraba hubakisha 0 au 1, kwa hiyo mitatu ikijumlika ikabakisha 0, yote mitatu ni ya nambari shufwa (zinazogawika kwa 2). Gawa kila kitu kwa 4, tunatafuta 11,891,074 badala yake. Hii kwa 8 inabakisha 2. Mraba wa witiri (isiyogawika kwa 2) kwa 8 hubakisha 1 daima, wa shufwa hubakisha 0 au 4. Kupata 2 kuna njia moja tu: witiri mbili na shufwa moja iliyo kigawe cha 4. Tumetoka kwenye maelfu ya majaribio hadi sehemu moja ya nane ya hapo, kwa kufikiri tu.

Kigawe cha 4 kikubwa kinachoingia ni 3,448. Mraba wake 11,888,704, baki 2,370. Je, 2,370 ni miraba miwili? Ina 3 moja ndani, na 3 ni ya ukoo uleule wa 19, wa tasa zinazobakisha 3 zikigawanywa kwa 4. Hapana.

Kinachofuata ni 3,444. Mraba wake 11,861,136, baki 29,938. Binti akakadiria kipeuo cha pili: 173 na mkia. “Inakaribia 173.” 173 × 173 ni 29,929. Zimebaki 9.

Tulitazamana. Tisa ni 3 × 3.

Jaribio la pili tu! Tukarudisha ile 4, kila nambari ikazidishwa kwa 2:

47,564,296 = 6,888 × 6,888 + 346 × 346 + 6 × 6

Aliikagua mwenyewe kwenye karatasi, si kwenye simu: 47,444,544, kujumlisha 119,716, kujumlisha 36. Ikatoka. Akasema ile sita ndiyo anayoipenda, imejibanza pale mwishoni kama makanga aliyening’inia mlangoni. Kisha akadai data yake.

Jumatano, 30 Aprili

Mwalimu amerudi, safari hii hana barua. Ameniletea 38,610,097, ya 2009, na neno moja: “Linganisha.”

3, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, zote zilikataa. 31 ikaingia mara 1,245,487. Nikaijaribu 31 tena kwa mazoea tu, ikaingia tena, mara 40,177. Nikaijaribu mara ya tatu na ikakosa kwa moja: 31 × 1,296 ni 40,176. Nambari tasa zilizo chini ya 200 ni 46, na hakuna iliyoigusa 40,177. Ni tasa.

Basi 2009 ni 31 × 31 × 40,177. Vigawo sita tu. Jumla yao bila nambari yenyewe ni 1,286,657, ni pungufu maskini. Miaka kumi baadaye nambari ina vigawo 32 na ziada ya mamilioni. Ukitaka kuandika makala ya gazeti kuhusu maendeleo, umepata. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Lakini 2009 ina kitu ambacho 2019 haina. 31 ni ya ukoo wa wakataaji, ila imekuja mara mbili, na mbili inaruhusiwa. 40,177 kwa 4 inabakisha 1. Kwa hiyo miraba miwili ipo. Tulianza na 200: mraba 40,000, baki 177, hapana. 199: mraba 39,601, baki 576, na Mwalimu akasema “ishirini na nne” kabla sijagusa simu. Zidisha kila mmoja kwa 31:

38,610,097 = 6,169 × 6,169 + 744 × 744

Fikiria uwanja wa mraba wenye watu 6,169 kila upande, na wa pili wenye 744, wote wamejaa, hakuna aliyebaki nje wala nafasi tupu. Watu wa 2009 wangeweza kupangwa hivyo. Sisi wa 2019 hatuwezi, na hatutaweza hata tukisukumana vipi.

Jumapili, 4 Mei

Hili nimeliacha kwa wiki kadhaa.

Ghorofa ya nne, mtaa wa nyuma ya soko, siku ya pili ya kuhesabu. Mama kijana kitandani, kitovu cha mtoto hata hakijakauka, na nyanya ya mtoto ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Kanuni ilikuwa wazi: anayehesabiwa ni aliyekuwa hai saa sita usiku wa kuamkia tarehe 25. Nikauliza mtoto alizaliwa saa ngapi. Mama akasema hajui, alikuwa na kazi nyingine wakati huo. Nyanya akasema kabla ya saa sita, ana hakika, kwani taarifa ya habari ilikuwa imetoka kuisha. Kadi ya kliniki ilisema 25. Niliandika kadi. Nyumba ile ikawa na watu watatu badala ya wanne.

Kama nyanya ndiye aliyekuwa sahihi, nambari ni 47,564,297. Nimeigawa jana usiku. Ni 11 × 4,324,027. Ni witiri. Hakuna 2 hata moja, 13 imeondoka, 19 imeondoka, 24,071 imeondoka, na kila kitu nilichokiandika tangu tarehe 12 hakihusu. Ndivyo ilivyo kwa nambari yoyote na jirani yake: hazishiriki kigawo chochote ila 1, kwa sababu kigawo cha zote mbili kingelazimika kuigawa tofauti yao, na tofauti yao ni mtu mmoja.

Familia ile ilihama kabla ya korona. Nilimuuliza mlinzi wa ploti, hakumbuki.

Jumanne, 6 Mei

Shule zimefunguliwa, foleni ya kuprinti imerudi, mradi utaenda polepole. Nimeanza Nairobi: 4,397,073. Tarakimu zake ni 33, kwa hiyo 3 inaingia, mara 1,465,691, na tarakimu za hiyo ni 32, kwa hiyo 3 haiingii tena. Tatu moja tu: hukumu ya miraba miwili imeshatoka kabla hata sijamaliza kuifungua.

Mpaka wa kutafuta ni 1,210, safari ndefu. 17 na 29 zilibakisha 2 kila moja. 67 ilikosa kwa moja. Nimefika 97, baki 21. Kuna mtu kaunta anataka pasipoti saizi nne.